Jina la Baba Kwanza

Shuvai hakuwa mtu wa kulalamika, na mimi naona hilo ndilo lililomchelewesha. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja hapa Mutare, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kazi yake kutwa ilikuwa kuchungulia damu za watu kwenye hadubini. Zamani walikuwa wengi pale. Mmoja akaenda Uingereza, wengine wakafuata Australia, mwingine hakuaga kabisa; koti lake jeupe lilibaki limening'inia kwenye msumari mpaka likashika vumbi. Waliobaki wakawa wanabeba zamu za walioondoka kwa mshahara ule ule.

Kwa ukoo Shuvai ni wa pofu, yule mnyama mkubwa wa porini, na wanawake wa pofu huku kwetu huitwa Chihera. Jina hilo ni heshima na ni kejeli, vyote pamoja. Chihera, watu husema, haambiliki. Ukimwoa umejitafutia bosi. Wamsingizie mwingine, si huyu wetu. Huyu alikuwa akipiga goti kumpa mumewe maji ya kunawa hata siku ambazo yeye ndiye aliyerudi hoi zaidi. Mume mwenyewe, Garikai, alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mbao nje ya mji, mtu wa mizaha, amemzidi mkewe miaka tisa. Umeme ukikatika, na mtaani kwetu Dangamvura unakatika kila siku ya Mungu, majirani humpigia kelele kwa jina la ukoo wake: "Mukanya! Si wewe fundi? Turudishie basi!" Naye hujibu kutoka ndani, "Nimeutuma dukani, unarudi sasa hivi!"

Walikuwa na binti mmoja, Mazvita, aliyeanza darasa la kwanza.

Wazo la Kanada lililetwa na Garikai. Sasa, Kanada hawakuchukui kwa kujuana wala kwa machozi. Wanakupima. Umri una alama zake, elimu ina zake, Kiingereza kina zake, miaka uliyofanya kazi nayo inahesabiwa, na mwenzi wako ana kifungu chake kidogo. Vyote vinajumlishwa, unatiwa kwenye kundi moja na watu wa dunia nzima, kisha kila baada ya muda wanatangaza kiwango. Aliyekifikia anaitwa, aliyepungukiwa anangoja. Habari hizi mtaani kila mtu anazijua. Kwenye foleni ya maji ya kisima watu wanaulizana alama kama walivyokuwa wakiulizana habari za mvua.

Fomu waliijaza Jumapili moja baada ya kanisa, kwa kompyuta ya kuazima. Ilipouliza mwombaji mkuu ni nani, Garikai aliandika jina lake. Shuvai alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko wa sadza, ugali wetu, mkononi. Alisoma, akaona sawa, akarudi jikoni.

Nisimwonee Garikai. Mita ya umeme ina jina lake. Kadi ya kanisa ina jina lake, chama cha mazishi kina jina lake, hata daftari la kliniki la mtoto lina jina lake, na kliniki hakuwahi kuikanyaga. Kwetu ukiulizwa mkuu wa jambo lolote la nyumba unaandika baba, basi. Nani akae chini ajiulize baba ana alama ngapi?

Na baba alikuwa nazo chache. Kwa hesabu ya Kanada, ukivuka ishirini na tisa wanaanza kukumega kidogo kidogo. Ukivuka arobaini wanakukata kwa shoka. Garikai aliipita arobaini akiwa bado yuko kwenye foleni. Halafu kulikuwa na Kiingereza. Kukiongea alikiongea vizuri mpaka akawa anaudhi, lakini kwenye kuandika insha mkono ulikuwa mzito. Alifanya mtihani mara mbili. Mara ya pili waliambiwa waandike faida na hasara za makumbusho.

"Makumbusho!" alisema aliporudi, akatupa kofia kitini. "Mimi makumbusho nimeingia mara moja maishani, tena kubadilisha taa. Niandike nini? Hasara yake ni kwamba walichelewa kunilipa?"

Shuvai alicheka mpaka akashika ubavu. Waliendelea kungoja namna hiyo miaka miwili.

Aliyewaamsha ni Plaxedes, mwenzake Shuvai wa maabara, mama mnene mwenye domo lisilo na breki. Ilikuwa Novemba, saa ya chai, mkate uko mezani.

"Hivi mzee wako wameshamwita?"

"Bado."

"Bado mpaka lini? Na wewe zako ngapi?"

"Zangu zipi?"

"Alama zako, mama. Za Shuvai."

"Mimi mle ni mwenzi."

Plaxedes aliweka kikombe chini. "Mwenzi! Una digrii, humu ndani umezeeka, umri wako ndio huo, Kiingereza chako kama cha mtangazaji wa redio, halafu umejikalia kwenye kisanduku cha mwenzi kama mzigo wa mkononi! Hebu lete simu hapa."

Walijumlisha. Shuvai akaangalia, akaomba wajumlishe tena. Jina lake likitangulia, walikuwa juu, mahali ambapo Garikai asingefika hata wangempa makumbusho yote ya dunia. Walikuwa karibu sana na kiwango.

"Ungeanza wewe miaka miwili iliyopita," Plaxedes alisema bila huruma, "saa hizi ungekuwa unanitumia picha za barafu. Sasa kila siku yako ya kuzaliwa inakula alama tano. Umezaliwa mwezi gani?"

"Aprili."

"Basi amka."

Ilimuuma vibaya. Alitafuta wa kumkasirikia, akajikuta anamwona mwanamke amesimama na mwiko, anasoma jina la mumewe na kuridhika. Alikaa na uchungu huo siku kadhaa, akiwaka ndani kwa ndani, ndipo Jumamosi akamfuata Garikai uani alikokuwa amefungua pasi ya jirani na kutandaza vipande vyake juu ya gazeti.

"Baba Mazvita, kuna jambo nataka kusema, na usinicheke."

Akamweleza. Garikai kwanza alicheka. Kisha akauliza alama zake yeye ni ngapi na za mkewe ni ngapi, akaambiwa. Akaokota skrubu moja, akaigeuza-geuza vidoleni.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ndiye nimekaa mlangoni, nyie mmeshindwa kupita."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Kompyuta imesema." Akaiacha pasi vile vile, akatoka kwenda kutembea.

Kesho yake, kwa bahati yake mbaya, akaja dada yake mkubwa. Sisi dada wa mume tunamwita Tete, na Tete nyumbani kwa kaka au mdogo wake ana amri kuliko polisi. Huyu, Tete Ratidzai, anauza mitumba soko la Sakubva, na sauti yake ni ya kuita wateja hata akinong'ona. Alipoelezwa kwamba sasa Shuvai ndiye atakayetangulia, alipiga ukunga.

"Haya makubwa! Mimi nilikwenda kukaa chini kwa wazee wako wewe Chihera, nikapiga makofi ya heshima mpaka viganja vikavimba, nikatozwa faini ya kuingia, faini ya kukohoa, faini ya kukaa vibaya! Leo wewe ndiye unamchukua mdogo wangu? Nani kaolewa hapa? Basi lete ng'ombe, mama, tena mnono! Garikai, njoo ukae mkekani tukufunike kitambaa, tukuulize: unawafahamu wageni hawa?"

Swali hilo kila aliyeoa kwetu analijua. Siku ya mahari, wageni wakishakaa chini na vyao kuwekwa kwenye sahani, binti huitwa mbele ya wazee akapiga goti, na shangazi yake humuuliza kama anawafahamu watu hawa. Akisema hapana, kila kitu kinarudi kilikotoka. Shuvai aliulizwa hivyo kwao Buhera. Alijibu, "Nawafahamu." Akaulizwa tena, "Tukila vyao, hutatutia aibu?" Akajibu, "Kuleni, sitawatia aibu." Garikai siku hiyo alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, jasho linamtoka mpaka kwenye soksi, na mpaka leo ukimpa bia mbili atakusimulia jinsi yule msichana alivyojibu bila kumung'unya maneno.

Lakini mzaha wa Tete haukumchekesha. Aliondoka mezani sahani haijaisha, na sadza ilikuwa na nyama ya ng'ombe, kwa hiyo ujue alikuwa ameumia kweli. Siku zile hakumtania mtu. Umeme ulikatika, majirani wakaita weee, Mukanya hakujibu.

Kisha siku moja alirudi kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi, hata hajanawa, akasema, "Mama Mazvita, waya ukiunganishwa kinyume, fundi hagombani na waya. Anazima swichi kuu, anageuza. Futa langu."

"Una hakika, Mukanya?"

"Futa haraka, kabla akili ya kiume haijanirudia."

Shuvai akafuta. Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Alisoma miezi mitatu, Garikai akimpikia na kumfukuza mtoto asimsumbue, na huo upishi wa Garikai ni habari nyingine tuiache. Vyeti vyake vikapelekwa kukaguliwa, vikakubaliwa. Mtihani wa Kiingereza akaufanya, akaupasua. Garikai alitembea na matokeo hayo mtaani kama ni yake: "Mke wangu! Mmeona? Mke wangu huyo!"

Wakaingiza kila kitu, wakajumlisha. Zilipungua alama kumi na nne.

Kiwango kilikuwa kimepanda tena. Ndio mchezo wake, unakimbia na mstari nao unakimbia. Februari ilikuwa inaisha na Aprili ingemkata tano nyingine, na mwaka ujao tano nyingine, mpaka siku ambayo wangeacha kuulizana alama. Shuvai alikwenda kazini macho yamevimba.

"Onyesha," Plaxedes alisema. Akapitia majibu moja moja, akasimama kwenye moja. "Hapa. Mwenzi wako ataambatana nawe? Umeweka ndiyo."

"Sasa niweke nini?"

"Weka hapana."

"Wewe una wazimu."

"Nisikilize. Ukisema ndiyo mnapimwa wawili, na kile Kiingereza chake cha makumbusho kinakuvuta chini. Ukisema hapana, wanakupima kama mtu wa peke yake. Alama zinapanda ishirini na kitu. Jina lake unaliandika vile vile, na anapimwa afya. Usipomtaja sasa ndio umemfungia milele. Ila habebwi. Wewe ukifika, ukitulia, unamwombea anakuja. Wala si wizi, ni kanuni yao wenyewe. Wizi ni kuandika hapana halafu mkapanda ndege moja."

"Na Mazvita?"

"Mtoto hapunguzi alama. Anayepunguza ni mume."

"Kumwita inachukua muda gani?"

"Wengine mwaka. Wengine miwili. Wengine..." Plaxedes, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakumalizia.

Hao wengine tunao. Mtaa wetu una mwanamume ambaye mkewe aliondoka kumtangulia, akawa anapiga simu kila siku, halafu kila wiki, halafu sikukuu, na sasa habari zake anazisikia kwa watu. Anafuga kuku. Ukimuuliza shemeji hajambo, anakujibu kuhusu kuku. Shuvai alipita mbele ya nyumba hiyo jioni, akaongeza mwendo.

Hakumwambia mumewe. Alijua vizuri mambo yalivyo: akisema ndiyo, hawaendi, si mwaka huu wala mwaka wowote, na Mazvita atakulia kwenye foleni ya maji. Akisema hapana, huenda akafika huko na mtoto na asiwe na nyumba tena. Akawa anaifungua fomu, anaitazama, anaifunga. Aliogopa, na kumpenda Garikai kulizidisha woga.

Jumamosi moja ya Machi, saa nne asubuhi, umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga mayowe ya furaha kama kawaida, redio zikalia zote kwa pamoja. Garikai akachomeka kompyuta, akavuta viti viwili.

"Kaa," alimwambia mkewe. "Kuna swali humu hujaniambia."

Shuvai alijifanya hajaelewa.

"Mama Mazvita, mimi ni fundi. Kitu kisipowaka nafungua nione. Nimesoma maswali yote kwenye simu, saa za chakula, kiwandani. Mwezi mzima. Mwenzi wako ataambatana nawe. Najua ukijibu ndiyo ni ngapi, najua ukijibu hapana ni ngapi."

"Sitaki," Shuvai alisema. "Tutakaa hapa hapa. Watu wanaishi hapa."

"Wanaishi. Na wewe unapima damu za mji mzima peke yako, unarudi miguu imevimba."

"Na wewe utakaa na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Nimejizoea."

"Usilete mzaha, Garikai!" Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu waoane. "Unajua yaliyompata yule wa kuku."

Garikai alipojibu hakuwa na mzaha. "Najua. Naogopa sana. Usiku sipati usingizi kwa ajili hiyo, kama hukujua. Lakini nimeshakaa mlangoni miaka miwili, na safari hii ingekuwa kwa makusudi, maana sasa najua. Siwezi. Nikikuzuia tena nitakuwa nakuangalia kila siku usoni nione kama umenisamehe."

Shuvai akamsogezea kile kidude cha kubonyezea. "Basi bonyeza wewe."

"Aka. Aliyeulizwa ni wewe. Kule Buhera uliulizwa wewe, mimi nikakaa chini nikangoja. Jibu."

Akajibu. Kwa Mazvita aliandika ndiyo. Kwa Garikai aliandika hapana. Namba ikapanda juu ya kiwango, nyepesi tu, kana kwamba hakuna kilichotokea, na Shuvai akaweka kichwa mezani akalia kwa sauti. Garikai alimshika mgongoni, akamwambia kwa kuwa umeme upo afadhali wachemshe chai kabla haujaondoka.

Mwito ulikuja kabla ya Aprili. Yaliyobaki yalikuwa makaratasi, vipimo, alama za vidole, kungoja, na hayo hayana hadithi. Kilichokuwa na hadithi ni kumwambia Tete. Garikai alikwenda mwenyewe Sakubva, na tulitegemea tusikie kelele mpaka huku. Hazikusikika. Tete alimsikiliza, akauliza mara moja tu, "Kwa hiyo mashine imemuuliza kama anakwenda na wewe, akasema hapana?" Akaambiwa ndiyo. Tete akaanza kukunja nguo zake za kuuza, akazikunja zote, wakati soko lilikuwa halijafungwa. Kwa miezi iliyobaki hakukanyaga nyumba ya Shuvai.

Siku ya safari, uwanja wa ndege wa Harare, walimkuta ametangulia kufika, amekaa juu ya furushi. Alikuwa amepanda basi la alfajiri peke yake. Ndani ya furushi mlikuwa na makoti mawili mazito ya baridi, moja la mtu mzima na moja la mtoto, yamefuliwa na kupigwa pasi, vifungo vyote vipo. Alikuwa ameyachagua kwenye marobota yake na kuyaficha wateja wasiyaone.

"Vaeni," alisema. Hakuwa ametabasamu hata kidogo. Alimvalisha Mazvita, akamfunga mpaka kidevuni, mtoto akaanza kutoka jasho. Kisha akamgeukia Shuvai. "Chihera. Piga goti."

"Tete, hapa? Watu wanapita."

"Wapite. Piga goti."

Shuvai akapiga goti kwenye vigae vya uwanja wa ndege, ndani ya koti la barafu, mwezi wa Novemba, jua la Harare likichoma vioo. Watu wenye masanduku wakawazunguka. Wengine, waliojua, wakasimama. Tete alimshika Garikai mkono, akamvuta mpaka mbele ya mkewe.

"Mashine iliuliza yake, ukaijibu," Tete alisema, na ile sauti ya soko safari hii ilikatika katikati. "Sasa nauliza mimi. Shangazi yako hayupo, nasimama badala yake. Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu."

"Sema wasikie."

"Namfahamu!" Shuvai alisema, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola ya koti. "Huyu ni mume wangu. Namfahamu."

"Tukikuachia uende na mtoto wetu, hutatutia aibu?"

"Niachieni. Sitawatia aibu."

Tete akapiga makofi ya heshima, viganja vimekunjwa kama inavyotakiwa, taratibu. Garikai naye akataka kupiga, akashindwa, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika begi la Mazvita na hakutaka kuliweka chini.

Wakatangaza safari. Alilibeba begi lile mpaka kwenye mstari ambao asiye na tiketi havuki, na hapo akampa Mazvita mwenyewe.